Ruzuku ifike kabla mkulima hajauza maua ya korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule unaozipa kaya hizo ruzuku ya fedha taslimu, na ambao vijijini tunauita kwa jina moja tu, TASAF, yaani jina la Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaouendesha. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala, mkoa wa Mtwara. Msimu wa korosho ukifika nakaa kwenye mizani: mkulima anatua gunia, napima, naandika jina na kilo, namkatia stakabadhi. Pia ni mtoto wa kaya iliyoandikishwa kwenye mpango huo mwaka 2015. Kwa hiyo jambo hili nalijua kutoka jikoni kwa mama yangu na kutoka kwenye daftari la ghala.

Ninachotaka kusema ni kwamba fedha hizi, kwa mkulima, thamani yake inategemea mwezi zinapomfikia. Huku kwetu shilingi ya Februari na shilingi ya Novemba hazilingani hata kidogo. Nitaeleza kwa nini, na nawaomba wanaopanga tarehe za malipo wanisome hadi mwisho.

Asiyeishi Umakondeni anaweza kudhani mkulima wa korosho ni mtu wa hela. Kwa miezi mitatu ya mwaka, ndivyo. Minada ikianza Oktoba, pikipiki mpya zinaingia kijijini, ngoma zinalia, maduka ya Newala mjini yanajaa watu. Ikifika Januari, kwa wengi hela imekwisha, makopa yamebaki chini ya kilindo, mvua imekolea na mahindi shambani bado machanga. Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ya njaa, na ni miezi hiyohiyo shamba linapodai jembe. Mwenye chakula ndani anapalilia shamba lake. Asiye nacho anakwenda kupalilia la mwenzake ili jioni arudi na unga, na lake linamezwa na majani hadi Aprili.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kangomba. Anakuja jioni, wakati hakuna mtu barabarani, na unga au mchele au hela taslimu. Mnapatana kilo utakazomlipa korosho zitakapoanguka. Wakati huo mkorosho hauna hata ua moja, lakini tayari umeshauzwa. Biashara hii imepigwa marufuku, viongozi wa wilaya wanaikemea kila msimu, na inaendelea, kwa sababu mama mwenye watoto wanne hawezi kuwaambia wasubiri mnada wa Oktoba ndipo wale.

Mwaka 2014, baba alipokuwa ameshafariki, mama alichukua debe moja la unga mwezi Februari na kulilipa kwa kilo 40 za korosho. Zingefika ghalani na kuuzwa mnadani, kilo zile zingemnunulia zaidi ya madebe mawili. Alijua hivyo. Mama yangu anajua hesabu kuliko watu wengi ninaokutana nao ofisini. Hakuwa na njia nyingine. Na kwa kuwa deni lilimaliza korosho, hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, haikupatikana mwaka uliofuata, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukashika maua, korosho zikawa chache, deni jipya likaanza mapema zaidi. Tulikuwa na mikorosho kama arobaini ya bibi mzaa mama, miti mikubwa, yenye kivuli kizuri, na bado tulikuwa kaya maskini ya kijiji.

Halafu ukaja mkutano wa kijiji. Mpango huu wa kunusuru kaya ulizinduliwa mwaka 2012, lakini kwetu ulifika 2015. Majina yalitajwa mbele ya watu wote, yakajadiliwa, kisha wakaja na dodoso la kuuliza tunalala wangapi, tunakula mara ngapi, tumeezeka kwa nini. Jina la mama lilipotajwa hakuna aliyepinga. Nilikuwa darasa la saba na niliona aibu, sitaficha. Kutajwa mbele ya kijiji kizima kuwa nyinyi ni maskini wa kupindukia si jambo jepesi kwa mtoto. Mama hakuona aibu. Alisema njaa tunaijua wote, ya kwetu imeandikwa tu.

Kiasi chenyewe kilikuwa hivi. Shilingi 10,000 kwa mwezi ya msingi kwa kaya. 4,000 kwa sababu kuna watoto. 4,000 nyingine kwa mdogo wetu aliyekuwa chini ya miaka mitano, mradi apelekwe kliniki. 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, mradi ahudhurie. Nilipoingia sekondari Januari 2016, ikaongezeka 4,000 kwa ajili yangu. Jumla ikawa 26,000 kwa mwezi, inayolipwa kwa miezi miwili pamoja, yaani 52,000 mkononi. Ndicho kiasi ambacho baadhi ya watu husema kinawafanya maskini wabweteke.

Niseme alivyozitumia. Malipo ya mwanzo yalikwenda kwenye unga, mafuta ya taa, chumvi, sabuni, madaftari. Hakuna mradi wa maana hapo, na sioni kwa nini mtu mwenye njaa aulizwe mradi. Lakini Januari 2016 palitokea jambo ambalo hata sisi watoto tuliliona: mama hakwenda kibarua. Aliamka, akachukua jembe, akaelekea shambani kwake. Unga ulikuwa ndani. Kufikia katikati ya Februari palizi ya kwanza ilikuwa imekwisha, muhogo umepandwa, kunde zimetambaa chini ya mikorosho ya pembezoni. Mtu wa kangomba alipita kama kawaida yake, akasalimia, akaulizia hali. Mama akampa kiti na maji ya kunywa, wakazungumza habari za mvua, akaondoka na unga wake.

Mambo yote yaliyofuata, mimi nayaona yametoka pale. Mei alinunua mfuko wa salfa wa kilo 25 kwa hela ya majogoo aliyowakuza kutoka kuku watatu, na kumlipa kijana mwenye mashine ya kupulizia. Hela ya mashine na petroli ilimwuma kuliko ya salfa yenyewe, na mpaka leo watu wanasahau hilo: hata mkulima akipewa salfa kwa ruzuku ya serikali, mpulizaji hafanyi kazi ya bure. Msimu ule kilo zote zilikwenda ghalani kwa jina lake. Siku hizi nikipata nafasi hufungua madaftari ya zamani ya chama. Msimu kabla ya TASAF jina la mama lina kilo 31 tu, zile zilizobaki baada ya deni. Msimu wa 2016 lina 268. Msimu wa 2017 lina zaidi ya 400. Miti ni ileile, mwenye shamba ni yuleyule.

Msimu wa 2017 bei ilikuwa nzuri sana, baadhi ya minada iligusa shilingi 4,000 kwa kilo. Mama akanunua mabati. Naomba msomaji wa mjini anielewe hapa. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake unanywa mvua yote, mito iko mabondeni chini kabisa. Watu wa Newala wameteremka na kupanda kilima na ndoo kichwani tangu enzi za mabibi zetu, au wamenunua maji kwa ndoo. Kwa hiyo bati kwetu ni chombo cha maji. Nyasi hazikingi maji ya kunywa. Bati linakinga, mfereji unayateremsha kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na mvua za masika zikijaza kisima unakaa miezi bila kununua. Tulichimba kisima mwaka 2018. Mdogo wangu wa tatu hajui kuamka saa kumi usiku kufuata maji. Ukimwambia tulivyokuwa tukiteremka bondeni na taa ya chemli, anasikiliza kama hadithi.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye dodoso lolote. Kwetu Wamakonde ardhi ya upande wa mama ina wasemaji wake, na msemaji mkubwa ni mjomba. Katika miaka ile ya deni mjomba alishauri mikorosho ikodishwe kwa mtu mwenye uwezo kwa misimu miwili, ili tupate hela kwa mkupuo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa akitafuta namna ya kutusaidia na mfukoni hana kitu. Lakini miti iliyokodishwa huvunwa na anayeikodi, na nimeona kaya ambazo misimu miwili imegeuka sita. Mama aliomba apewe mwaka mmoja. Kama si ile 52,000 iliyofika mara kwa mara, asingekuwa na cha kusimamia mbele ya kaka yake. Mwaka ulipokwisha mjomba mwenyewe hakulirudia neno lile.

Msimu wa 2018 kila mtu anaukumbuka. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Rais John Magufuli akaagiza jeshi likusanye korosho, serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ukafanyika uhakiki: kila mwenye korosho aonyeshe shamba zilikotoka, kusudi wa kangomba wasilipwe. Wahakiki walipofika kwa mama aliwazungusha mti kwa mti. Alikuwa na stakabadhi zenye jina lake na mikorosho iliyopaliliwa. Wako majirani waliokwishauza maua Februari. Walikuwa na mashamba, lakini korosho zao zilikuwa kwenye ghala la mtu mwingine, na hawakuwa na cha kudai.

Sasa nije kwa wanaosema fedha za bure zinaleta uvivu na ulevi. Nimeishi kijijini maisha yangu yote. Pombe yetu kubwa ni uraka, unatoka kwenye mabibo, matunda ya mkorosho, na msimu wake ni wa mavuno. Sijaona ruzuku ya Februari ikiongeza walevi. Wapo waliotumia kwa namna ambayo mimi nisingetumia: jirani yetu mmoja alitoa malipo mawili mazima kwa unyago wa binti yake. Nilimlaumu wakati ule. Sasa sina hakika, maana mama asiyemcheza mwanawe naye ana gharama anayoilipa kwa muda mrefu mbele ya ndugu. Ila walevi, hapana. Na si macho yangu peke yake. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu fedha taslimu kwa maskini, na hawakukuta kwamba zinaongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Hapahapa Tanzania, kabla mpango haujasambaa nchi nzima, ulijaribiwa kuanzia mwaka 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji vilikuwa 80, nusu vikaanza na nusu vikasubiri, ili walinganishe. Waliopata fedha walinunua mbuzi na kuku, walijiunga zaidi na bima ya afya, watoto wao walivaa viatu. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka nilivyoingia kidato cha kwanza na viatu vyeusi vipya. Mwalimu wa zamu hakunirudisha nyumbani hata siku moja kwa sababu ya sare, na katika darasa letu kurudishwa ndiko kulikowamaliza wasichana wengi. Shule ilikuwa bila ada tangu mwaka ule, lakini sare, daftari na nauli havikuwa bila bei.

Lawama nyingine ni ya wale ambao hawakuchaguliwa. Hii naichukulia kwa uzito, kwa sababu wengi wao hawatuzidi sana. Kaya iliyo juu ya mstari kwa mbuzi mmoja inabaki nje, na mstari haukuwekwa na Mungu. Nilifarijika kusoma kuhusu jaribio la Siaya, nchini Kenya, ambako shirika la GiveDirectly lilitoa kiasi cha dola 1,000 kwa kila kaya katika zaidi ya kaya 10,000 zilizokuwa zimeezeka nyasi. Wachumi waliofuatilia katika vijiji 653 walikuta kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, na kaya ambazo hazikupewa kitu nazo ziliinuka, huku bei sokoni zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Kwa mama niliona hilohilo kwa udogo wake. Aliyechimba kisima chetu hakuwa mlengwa. Kijana wa mashine ya salfa hakuwa mlengwa. Fundi aliyeezeka, mama muuza dagaa, mwenye duka aliyekuwa akikopesha bila kulipwa, wote walikula ile hela.

Lakini narudi kwenye mwezi, kwa sababu hapo ndipo penye jambo la kurekebishwa, na marekebisho yenyewe hayahitaji hata shilingi moja ya nyongeza. Malipo yakigawanywa sawasawa kwa mwaka mzima, kaya ya mkulima wa korosho inapata kiasi kilekile Novemba, wakati ana korosho ghalani na muhogo shambani, na Februari, wakati hana chochote. Wa Novemba anashukuru. Wa Februari anaokoka. Kwenye mizani naiona tofauti hii waziwazi. Walengwa waliokuwa na hela mkononi Januari na Februari huleta kilo zao Oktoba. Hela ikiwafikia Aprili au baadaye, kilo zinapungua, na ukiuliza unaambiwa mwaka huu mikorosho haikuzaa. Mikorosho ilizaa. Korosho ziko nyumbani kwa mtu fulani.

Na hasara ni kubwa zaidi bei inapokuwa nzuri. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025 ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyepatana Februari kwa shilingi 1,500 alipoteza 2,500 katika kila kilo. Kwa kilo 40 hiyo ni shilingi 100,000, karibu ruzuku ya miezi minne kwa kaya kama yetu ya wakati ule. Serikali imempa mkulima kwa mkono mmoja, na mtu wa kangomba amezichukua zote kabla hazijafanya kazi.

Ombi langu kwa wahusika, kupitia gazeti lako, ni hili. Kwa wilaya za korosho, kama Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, sehemu kubwa ya fedha ya mwaka ilipwe kati ya mwanzo wa Januari na katikati ya Machi. Malipo ya Oktoba hadi Desemba yapunguzwe kufidia. Kiasi kidogo kiwekwe Mei, wakati wa kupulizia. Wilaya za mazao mengine zina njaa yao katika miezi yao; mkutano wa kijiji uulizwe, utataja miezi hiyo bila kubishana. Mkutano uleule ulioaminiwa kutaja nani maskini unaweza pia kusema maskini huyo anashindwa lini.

La pili linahusu kaya zinazohitimu, yaani zinazotolewa kwenye mpango kwa kuwa hali yao imeinuka. Mama alitolewa kwenye orodha baada ya tathmini, na ilikuwa haki, nafasi yake impate mwingine. Kwa bahati njema ilikuwa Novemba na korosho zake zilikuwa ghalani. Nafahamu kaya iliyohitimu ikiwa na mbuzi wanne na bati jipya, ila ikakutana na Januari bila akiba. Mbuzi waliuzwa wawili kabla ya Machi, na Oktoba jina lao kwangu lilikuwa na kilo chache mno. Kaya ihitimu baada ya mauzo ya msimu, wakati ina cha kuingilia nacho miezi ya njaa. Na kabla ya kuitoa, iunganishwe na kikundi cha kuweka na kukopa ambacho kinavunjwa Januari, si Desemba. Vikundi vingi hugawana hisa kabla ya sikukuu, na sikukuu hula hisa zote.

La mwisho ni la kikazi. Vyama vya msingi vina daftari la kilo za kila mkulima kwa kila msimu, na TASAF ina orodha ya walengwa na tarehe walizolipwa. Karatasi hizi mbili zikiwekwa juu ya meza moja, kijiji kwa kijiji, itaonekana nani aliuza maua na mwaka gani, na tarehe ya malipo ilikuwa ipi. Kazi hiyo makarani tunaweza kuifanya Aprili, ghala likiwa tupu. Sisi tuko tayari, tunasubiri kuitwa.

Karani wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara